Mpira unaokwenda huku

Wadau, nipo. Najua nimepotea hewani kwa wiki saba, na nyote mlioandika kuuliza kama nimeoa, nimefukuzwa kazi au nimelazwa, asanteni sana. Hakuna hata moja. Nilikuwa najifunza kupiga mpira bila kutumia mabavu, na nimegundua ni kazi ngumu kuliko kuupiga kwa mabavu.

Mpira wenyewe si wa miguu. Ni gofu. Haya, chekeni kwanza, mkimaliza tuendelee.

Mimi nimekulia Tandika, na kwetu fimbo ilikuwa na kazi moja tu, ambayo haikuhusu mpira. Gofu tuliiona kupitia dirisha la daladala: nyasi zimekatwa vizuri kuliko nywele zetu, na watu wazima wenye kofia wakitembea taratibu kana kwamba hawadaiwi popote. Chuo kikuu nimekaa miaka mitatu bila kumsikia mtu akiitaja. Halafu mwaka jana mwenzetu aliyekuwa akiandika gofu, tenisi na kriketi (dawati zima tuliziita "michezo ya wenye nazo") akapata kazi ya mawasiliano kwenye shirika moja. Mhariri wa michezo akazungusha macho chumbani, yakatua kwangu. Nadhani ni kwa sababu siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa nimevaa shati lenye kola.

Stori yangu ya kwanza ya gofu ilitoka na kosa ambalo nataniwa nalo mpaka leo. Nilimtangaza mshindi kuwa ni yule aliyepiga mikwaju mingi kuliko wote. Nilifikiri ni kama mabao. Kwa wale ambao kama mimi hamkujua, kwenye gofu mwenye mikwaju michache ndiye bingwa. Yule bwana niliyempamba kwenye aya ya kwanza alikuwa ameburuza mkia. Alinipigia simu mwenyewe kunishukuru. Tukachapisha masahihisho, nami nikaapa sitaandika tena mchezo ambao sijawahi kuushika mkononi.

Basi nikaazima seti kuukuu ya fimbo kwa mpigapicha mmoja mkongwe, nikaanza kwenda asubuhi za Jumamosi kwenye klabu moja ya hapa Dar. Jina lake naomba nilihifadhi, na mkiendelea kusoma mtaelewa.

Fimbo ya gofu inayompoteza kijana ni ile ndefu kuliko zote, drava, ya kuanzia shimo. Kichwa chake ni kikubwa kama nusu papai na kwa ndani ni kitupu. Mpira ni mdogo, sheria hairuhusu uzidi gramu 45.93, na umetulia pale juu ya kijiti unakusubiri. Haukimbii, haupangwi na beki, hakuna refa. Kijana yeyote aliyewahi kucheza ndondo lazima ajiambie: huu leo naupeleka baharini.

Tatizo langu lilikuwa hili. Nikipiga kwa utulivu, kama mtu anayejaribu tu, mpira unanyooka. Si mbali, lakini unanyooka. Nikiamua kuupiga kweli, hasa kukiwa na watu nyuma yangu, unaanza kulia kidogo, unapaa vizuri hata unaanza kujisifu moyoni, halafu katikati ya safari ni kama umekumbuka jiko limewashwa nyumbani. Unakata kona kushoto, unainamisha kichwa, unapotea kwenye miti. (Nazungumzia mtu wa mkono wa kulia. Mashoto mgeuze wenyewe.) Kosa hili lina jina la Kiingereza ambalo makedi wa pale wakilitamka linasikika "huku". Siku ya kwanza mzee aliyenibebea fimbo aliniambia, "Mwandishi, umepiga huku tena." Nikamuuliza, huku wapi? Akanyoosha kidole kule kule mpira ulikokwenda. "Huku."

Tulicheka sana. Nilikuwa bado naona ni jambo la kuchekesha.

Sasa nifike kwenye lile lililoniweka kimya. Wiki saba zilizopita kulikuwa na raundi ya kirafiki, waandishi na wadhamini, kutangaza mashindano yajayo. Shimo la tano. Nyuma yangu wamesimama meneja masoko wa kampuni mojawapo, watangazaji wawili wa redio, na dada mmoja ambaye sitasema alikuwa nani kwangu maana naye anasoma hapa. Mbele, upande wa kushoto, umbali kama mita mia na hamsini, amesimama kijana wa miaka kumi na tisa ambaye kazi yake ni kuangalia mipira inaangukia wapi. Huwa wanasimama hapo kila siku. Wakati ule alikuwa amegeuka anaangalia kundi lililotutangulia.

Nikapiga kwa nguvu zote nilizopewa na wazazi wangu.

Kwenye gofu kuna neno moja unalopaswa kupiga kelele mpira ukimwelekea mtu. Ni "Foo!" Neno fupi, herufi tatu, hata mtoto analiweza. Na mimi niliuona mpira unaanza kukata kona. Nilikuwa na sekunde tatu, pengine. Mnajua nilifanya nini? Nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu kupiga kelele ni kutangaza mbele ya wote wale kwamba nimeharibu, na kichwani nilikuwa najiambia utapita, utapita juu yake, hakuna atakayejua. Aliyepiga kelele ni mzee wangu wa kubeba fimbo, na alichelewa kwa sababu alidhani mimi nitapiga. Kijana akasikia, akanyanyua mkono kufunika kichwa bila kuangalia, mpira ukampiga mfupa wa mkono juu kidogo ya kiganja.

Sauti yake niliisikia kutoka kule nilikosimama. Asingenyanyua mkono ningekuwa naandika kitu kingine kabisa leo, au siandiki.

Picha ya X-ray ilionyesha mfupa umepata ufa. Akafungwa P.O.P, ule muhogo kama mtaani wanavyouita, wiki sita. Nilipouliza klabuni nani analipa, nikaelezwa kwa upole kwamba makedi si waajiriwa, ni watu wanaokuja wenyewe asubuhi na kulipwa na mchezaji kwa raundi. Nilitaka kukasirika, nikakumbuka kwamba hata mimi sina mkataba, nalipwa kwa stori. Hivyo hesabu tuliifanya kwa lugha hiyo, yeye kwa raundi na mimi kwa stori. Hospitali ilikula stori zangu kumi na moja. Halafu tukakubaliana nimlipe raundi tatu kwa wiki mpaka muhogo utoke, maana hizo ndizo alizokuwa na uhakika wa kuzipata. Raundi kumi na nane. Hakuna mtu aliyenilazimisha, lakini msinisifu, maana pia hakuna mtu aliyejua kwamba niliuona mpira nikanyamaza. Mzee alijua. Hakusema.

Jumapili yake nikaenda kwao. Nilibeba matunda, kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa asiyemhusu. Mama yake alikuwa uani anachoma vitumbua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyempiga mwanangu?"

"Ndiyo mama."

"Kwa nini?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nilikuwa nimejiandaa kwa "utalipaje". Nikaanza kumweleza kwamba fimbo ina uso, na ule uso ukifunga wakati wa kupiga, mpira unakata kushoto, na mimi nikitumia nguvu nyingi huwa... Nikajisikia ninavyosikika. Mama amekaa kwenye kigoda, upawa mkononi, ananisikiliza kwa makini kuliko chanzo chochote cha habari nilichowahi kukihoji.

"Kwa hiyo ulijua ukipiga kwa nguvu unakwenda upande wake."

"Nilijua, mama."

"Na hujui kinachofanya hivyo."

"Sijui."

"Haya, keti ule. Ukitoka hapa kajue."

Kijana mwenyewe alikuwa ndani anaangalia mechi, muhogo juu ya mto. Aliniambia, "Poa tu bro, ajali kazini," kisha akaniuliza Simba watamsajili nani. Ndivyo vitumbua vile nilivyovila, vikapita kwa shida.

Basi nikaenda kujua. Mzee wangu wa fimbo akakubali kunifundisha saa kumi na mbili asubuhi kabla wachezaji hawajaja, kule pembeni kwenye uwanja wa mazoezi. Niwaambie kidogo habari zake. Ana umri wa baba yangu. Amebeba mikoba ya watu tangu hajaota ndevu, na siku ya Jumatatu, klabu inapowaruhusu makedi kucheza, anawapiga wote. Seti kamili hajawahi kuwa nayo. Ana fimbo tano alizopewa na watu watano tofauti, na drava ambayo rangi yake haijulikani tena. Anapiga akiwa amevaa ndala. Anavyozungusha fimbo, ungedhani anafungua mlango usiku wakati watoto wamelala. Na mpira unakwenda mbali kuliko wangu, tena katikati ya njia.

Siku ya kwanza hakuniruhusu kupiga hata mpira mmoja. Aliniambia nishike fimbo kisha niangalie mkono wa kushoto, nihesabu vifundo vya vidole ninavyoviona nikiangalia chini. Nikaona vinne. Akatikisa kichwa. Viwili, au viwili na nusu, vinatosha. "Hilo si jembe, mwandishi." Kumbe ukishika ukiwa umeuzungusha mkono kulia kupita kiasi, wakati wa kupiga mikono inarudi mahali pake pa kawaida na kuuzungusha uso wa fimbo uangalie kushoto. Ukipiga taratibu haurudi wote, ukipiga kwa nguvu unarudi wote na chenji. Halafu kuna kubana. Nikiwa na hasira ya kupiga mbali, mkono wa kulia unaikaba fimbo kama mwizi, na mkono unaokaba huwa unapindua. Mzee alitaka nishike kama unavyomshika mtoto mkono mnapovuka Barabara ya Kilwa: asichomoke, asilie.

Nilibadilisha mshiko na nikawa naamini nimepona. Siku tatu. Nikipiga kwa utulivu mpira ulinyooka zaidi ya zamani. Nikaja siku ya nne nimegombana na mhariri, nikapiga kwa nguvu, na huku ikarudi. Si kubwa kama ile, lakini ilikuwa ni huku.

Hapo ndipo nilipotumia simu. Nilimpa mzee anirekodi kwa ule mwendo wa polepole, tukakaa chini ya mti kuangalia. Wadau, kama mnataka kushushwa cheo na nafsi zenu, jirekodini mkipiga gofu. Nilikuwa najiona kama chui. Kwenye simu nilikuwa kama mtu anayefukuza nyuki. Lakini jambo la maana lilionekana wazi: nikipiga kwa utulivu, kifua kinaendelea kuzunguka pamoja na mikono mpaka bakuli la mkanda linaangalia shabaha. Nikipiga kwa nguvu, mwili unakimbilia mbele haraka, unafika kwenye mpira na kusimama wima, na mikono iliyoachwa nyuma inakuja peke yake na kupinduka. Mzee akalieleza kwa lugha ya mjini. Dereva wa daladala akifunga breki ghafla, abiria wote wanaruka mbele. Kifua ndiye dereva. Kikisimama, viganja vinaruka, na uso wa fimbo unafunga. Dawa yake si kuwakamata abiria, ni dereva kutofunga breki.

Kwa hiyo zoezi la wiki ya pili na ya tatu lilikuwa kupiga nikiwa nimebana miguu pamoja, visigino vinagusana. Ukitumia mabavu hapo unaanguka. Nilianguka. Mbele ya wazee wawili wanaofanya mazoezi ya moyo na mbwa mmoja. Baada ya hapo kupiga kawaida, lakini ukimaliza ubaki umesimama kwenye mguu wa kushoto, kifua kinaangalia shabaha, uhesabu mpaka tatu. Ukishindwa kuhesabu, mkwaju ule ulikuwa wa mabavu hata kama umenyooka.

Usiku nikawa nasoma. Na hapa wale mnaopenda fizikia mnisogelee. Zamani vitabu vingi vya gofu vilifundisha kwamba mpira unaanza safari kufuata njia ya fimbo, kisha unapinda kuelekea uso wa fimbo ulikokuwa unaangalia. Ilionekana ina mantiki. Miaka ya 2000 zikaja mashine za rada, maarufu zaidi ikiwa TrackMan ya Denmark, zikapima kilichokuwa kinatokea katika ile nusu ya elfu moja ya sekunde ambayo mpira unagusana na fimbo. Ikaonekana kwamba mwelekeo wa kuanzia, hasa kwa drava, zaidi ya robo tatu unaamuliwa na uso, na kupinda kunatokana na tofauti kati ya uso na njia. Sasa rudini kwenye mpira wangu: unaanza kulia kidogo, unapinda kushoto. Maana yake uso wangu ulikuwa unaangalia kulia kidogo tu, lakini njia ya fimbo ilikuwa inakwenda kulia mno.

Na kwa nini njia ilikuwa inakwenda kulia mno? Kwa sababu, baada ya miezi ya kuona mipira inakwenda kushoto, nilikuwa nimeanza kusimama nikiwa nimelenga kulia ili nifidie! Nilikuwa nakopa huku kulipa kule, na kila nilivyolenga kulia zaidi ndivyo njia ilivyozidi kwenda kulia na mpira ulivyozidi kupinda. Mtu aliyewahi kuchukua mkopo wa simu ananielewa. Mzee alilaza fimbo mbili chini, moja kwenye vidole vya miguu na nyingine ikielekea kwenye shabaha, nikasimama hapo nikaona jinsi nilivyokuwa nimegeuka. Niliponyooka nikahisi kabisa nalenga barabarani.

Kupinda kushoto kwenyewe si dhambi. Bobby Locke wa Afrika Kusini alijulikana kwa mipira iliyokata kutoka kulia kwenda kushoto, na alishinda The Open, mashindano makubwa ya Uingereza, mara nne: 1949, 1950, 1952 na 1957. Tofauti ni kwamba yeye alijua unapinda kiasi gani. Aliyenifariji zaidi ni Ben Hogan, Mmarekani wa Texas aliyezaliwa 1912, kwa sababu naye alianza kama kedi, kwenye klabu ya Glen Garden kule Fort Worth, na huku ilimtesa kwa miaka. Alikuwa mtu mdogo wa mwili anayetaka kupiga mbali kama wakubwa. Aliishiwa hela na kurudi nyumbani zaidi ya mara moja. Mashindano ya kulipwa ya kwanza kuyashinda peke yake yalikuja 1940, akiwa na miaka 27. Akalegeza mshiko, akabadilisha anavyokunja kifundo cha mkono wa kushoto ili uso wa fimbo usiwahi kufunga (mwaka 1955 gazeti la Life lilimlipa achapishe hiyo "siri"), na akashinda US Open mara nne, tatu kati ya hizo baada ya kugongwa na basi mwaka 1949 na kunusurika kufa. Nilimsimulia mzee habari hizi nikidhani namletea kitu kipya. Akasema, "Kedi? Basi alikuwa anaona watu wanavyokosea kila siku." Hilo kitabuni sikulikuta.

Wiki ya nne ndiyo iliyonishangaza. Mzee alikuja na poda ya mtoto. Akaipaka usoni mwa drava, akaniambia nipige mipira mitano kwa utulivu. Alama zote zilikaa katikati au jirani yake. Akafuta, akapaka tena. "Sasa piga ile yako ya kuonyesha watu." Nikapiga mitano. Alama nne kati ya tano zilikuwa pembeni kabisa, kwenye ncha ya fimbo, upande wa mbali na mimi.

Ikabidi nikasome tena, maana mzee alijua inatokea ila hakuwa na sababu yake. Uso wa drava una uvimbe kidogo, na uzito wa kichwa upo nyuma ya uso. Mpira ukigongwa kwenye ncha, kichwa kinajipindua kidogo na kurudi nyuma upande ule, na mpira nao unasukumwa kuzunguka kinyume chake, kama gia mbili zenye meno yaliyokamatana: hii ikienda hivi, ile inakwenda vile. Mzunguko huo unaupeleka kushoto. Yaani ningeweza kuwa na mshiko mzuri, njia nzuri, uso mzuri, na bado mpira ukaenda huku kwa sababu tu nimeugonga pembeni. Na nilikuwa naugonga pembeni kwa sababu nikitumia nguvu, uzito unarudi kwenye visigino, nainuka, viwiko vinakunjika, fimbo inavutwa kuja kwangu.

Nilikaa chini pale. Miezi yote nimekuwa nalaumu mikono, na kumbe nusu ya ugonjwa ilikuwa kwenye visigino. Ingewezekana kuligundua kwa poda ya shilingi elfu mbili, kabla ya Jumamosi ile.

Baada ya hapo kilichobaki kilikuwa mwendo tu, na mwendo mzee aliufundisha kwa kuhesabu: moja, mbili, tatu kwenda juu, nne kushuka. Watu waliowapima wachezaji wakubwa kwa picha za video wanasema karibu wote wanatumia muda mara tatu kupandisha fimbo kuliko kushusha. Mzee hajaisoma hiyo popote. Anahesabu hivyo kwa sababu ndivyo anavyosikia. Mimi nilikuwa na moja-mbili tu, kama mtu anayevunja kuni. Mara ya kwanza nilipohesabu mpaka nne bila kuharakisha tatu, mpira uligongwa katikati, ukatoa ule mlio mkavu, ukapita alama ambayo sikuwahi kuifikia hata nikipiga kwa hasira. Nikageuka. Mzee alikuwa anafunga kamba ya mkoba. "Huo ni wa ngapi katika mia?" akauliza. Nikamwambia nadhani themanini. "Haya, ishirini iliyobaki itunze, utaihitaji kupanda ngazi."

Juzi Jumamosi muhogo wa kijana ulikuwa umetoka tangu wiki iliyopita. Mkono umepungua kidogo, anauchezesha chezesha akiongea. Kulikuwa tena na raundi ya waandishi. Tukafika shimo la tano. Sikulala vizuri usiku wake, niwe mkweli. Watu nyuma wakaanza kukohoa kwa makusudi, mtangazaji mmoja akasema waite gari la wagonjwa kabisa, wakacheka. Nikatazama mbele nimtafute kijana kule kushoto. Hayupo.

Alikuwa amehamia kulia, amesimama jirani na mwarobaini, ananipungia.

Nikashika kama mtoto wa Barabara ya Kilwa. Vifundo viwili. Moja, mbili, tatu, nne. Mlio ukawa mzuri. Na mpira, wadau, mpira ambao kwa miezi nane haujawahi kunikosea kwenda kushoto, ukanyooka, ukanyooka tena, kisha ukaanza kujipinda pole pole kulia, moja kwa moja kwenye mwarobaini. Nadhani kifua kilizunguka na viganja havikufika kabisa. Hilo ni jambo la kufanyia kazi.

"FOOO!" Nilipiga kelele mpaka ndege wakaruka. Nilipiga kelele ya wiki saba. Watu waliokuwa wanapata chai kule kwenye jengo waligeuka. Dada yule ambaye sitamtaja aliziba masikio.

Kijana alikuwa ameshajificha nyuma ya mti tangu fimbo iko juu. Mpira ukaanguka salama hatua kama kumi kutoka kwenye shina. Halafu mkono ukachomoza pembeni ya mti, mkono ule ule, ukanyoosha vidole vinne na kubaki hivyo hewani.

"Anasemaje?" nikamuuliza mzee. "Mpira uko salama?"

Mzee alikuwa ameshaanza kutembea na mkoba wangu begani. "Anakukumbusha. Bado unadaiwa raundi nne."